Namna ya Kuandika Tafakari ya Uumbaji Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika tafakari fupi za kusomwa katika jumuiya yetu huku Rungwe, na watu, hasa vijana wanaopenda kuandika, huniuliza naanzia wapi. Kwa neno tafakari nakusudia maandishi ya ukurasa mmoja au miwili ambamo mtu anaeleza jambo aliloliona katika viumbe vya Mungu, analisoma pamoja na Neno, kisha anamwacha msomaji akae nalo. Si mahubiri, kwa kuwa haina hoja tatu wala wito mwishoni, na si sala, ingawa yaweza kuishia katika sala. Hapa chini naeleza jinsi ninavyoifanya kazi hiyo, kwa mifano ya kwetu, kuanzia Mbeya na Tukuyu hadi Makete na Iringa.

Tafakari nyingi nilizosoma, pamoja na zile nilizoandika mwenyewe hapo mwanzo, ziliharibiwa na haraka. Mwandishi anaona ua, na kabla hajalitazama amekwisha kuandika kwamba Mungu ni mkuu. Maneno hayo ni kweli kabisa, lakini ua lenyewe halimo ndani yake, na msomaji hana namna ya kujua kama mwandishi aliliona au alilisikia tu likitajwa. Kitabu cha Mithali kinapomtuma mvivu kwa chungu, kinamwambia, "Zitafakari njia zake ukapate hekima." Kinachotafakariwa ni njia za chungu: anapita wapi, anabeba nini, anafanya nini akikutana na mwenzake njiani. Hekima inatajwa baada ya hapo. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza, na karibu yote nitakayoyasema yanatoka humo, ni kwamba ua liandikwe kwanza.

Daftari

Nunua daftari dogo lenye jalada gumu, linaloingia mfukoni au kwenye mkoba, na uandike kwa penseli. Nasisitiza penseli kwa sababu mwezi wa Machi mwaka mmoja nilipanda kwenda Ziwa Ngozi, lile ziwa lililomo katika kasoko ya volkano kwenye milima ya Poroto, nikiwa na kalamu nzuri ya wino. Mvua ilitukuta ndani ya msitu kabla hatujafika ukingoni, na nilipolifungua daftari nyumbani, kurasa sita zilikuwa zimegeuka doa la buluu. Maandishi ya penseli hayachuruziki yakilowa.

Kila unapoandika, anza na tarehe, saa, mahali na hali ya hewa, hata kama unaona mambo hayo hayana maana. "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuma ya jiko, manyunyu, hakuna upepo." Baada ya mwaka mmoja mistari hiyo ndiyo itakayokuonyesha kwamba mwaka jana nyuki walikuwa wamekwisha kufika kwenye maua ya mparachichi wiki kama hii, na mwaka huu bado hawajaonekana.

Kutazama

Usianze na mahali pa mbali. Mtu akisikia habari za kuandika juu ya uumbaji, mawazo yake hukimbilia kwenye Daraja la Mungu pale mtoni Kiwira, au kwenye vilele vya Mbeya, au Ruaha kwa tembo. Hayo yote ni mazuri na siku yake itafika, lakini mahali unapopaona mara moja kwa mwaka huwezi kupajua. Chagua mahali unapopita kila siku, kama vile mgomba ulio karibu na bafu, mfereji wa maji, ukuta wa zamani wenye kuvu, au paa la kanisa. Kaa hapo dakika ishirini. Dakika kumi za kwanza usiandike kitu chochote, kwa sababu mkono ukianza kuandika, macho hupumzika.

Nitoe mfano wa paa la kanisa, maana huo ninaujua vizuri. Mwaka mmoja, mvua zilipoanza, mbayuwayu wawili walianza kujenga chini ya boriti, juu ya benchi la tatu upande wa akina mama. Kwa wiki nzima nilikwenda mapema kabla ya ibada ya asubuhi, nikakaa nyuma na kutazama. Waliteka tope kwenye kidimbwi kilicho chini ya bomba, wakalileta mdomoni, kidonge kimoja kwa safari moja, kila kidonge kikiwa na ukubwa wa punje ya mahindi. Akifika, ndege aligandama ukutani, akakisukuma kidonge mahali pake kwa mdomo huku kichwa kikitetemeka upesi upesi, kama mtu anayeshindilia udongo katika ufa, kisha akaondoka. Safu zilizokauka zilikuwa za kijivu na ile ya siku hiyo nyeusi, hivyo mtu aliweza kuhesabu ukutani siku za kazi: safu saba za kijivu na moja nyeusi. Siku ya mvua kubwa hawakujenga kabisa, nami nikaelewa kwamba tope bichi mno haligandi, na kwamba walikuwa wanaiacha kazi ya jana ikauke kwanza ndipo waipandishie nyingine.

Mpaka hapo nilikuwa sijaandika neno lolote la dini. Ndipo nilipofungua Zaburi ya 84, ambayo nimeiimba tangu utoto, na kusoma kwamba shomoro naye ameona nyumba, na mbayuwayu amejipatia kioto, alipoweka makinda yake, kwenye madhabahu za Bwana. Neno "amejipatia" lilinishika. Miaka yote nilikuwa nimelisoma kana kwamba ndege alikikuta kiota kimewekwa tayari, na sasa nilijua kwamba kujipatia huko ni mamia ya safari za kwenda bombani na kurudi. Mzaburi aliwaona ndege hao hekaluni kwa macho yake, nasadiki hivyo, kwa sababu aliwatofautisha: shomoro ameona nyumba, yaani amepata tundu lililopo akaingia, na mbayuwayu ndiye mwenye kiota chenye makinda.

Mhudumu wa kanisa letu alikuwa amekwisha kuleta ufagio mrefu akitaka kukiangusha kile kiota, kwa sababu kinyesi kilikuwa kinadondokea benchi, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Wazee walikubaliana kulisogeza benchi hatua mbili mpaka makinda yaruke. Habari hiyo pia niliiandika katika daftari, pamoja na kinyesi, kwa maana tafakari inayoficha kinyesi inamficha msomaji jambo ambalo ataliona mwenyewe akija kanisani.

Majina

Ukishatazama, tafuta jina. Hapa ndipo mahali ambapo waandishi wengi wa kwetu wanalegea. Tunaandika "ndege mdogo mzuri" au "ua jekundu la porini" wakati bibi anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu analo jina la ndege huyo, na anajua anakula nini na anatabiri nini.

Kisa cha kipunji kinapaswa kumfundisha kila mwandishi wa nyanda hizi. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa kandokando ya Mlima Rungwe walisikia habari za kima aliyeitwa kipunji. Kwa kuwa katika masimulizi ya Wanyakyusa wamo viumbe wa kweli na wa hadithi pia, haikuwa wazi mwanzoni kama kima huyo yupo. Baadaye walimwona: manyoya marefu ya hudhurungi, uso mweusi, kishungi kilichosimama kichwani, na ncha ya mkia nyeupe. Mwaka 2005 habari zake zilitangazwa kwa ulimwengu, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la ukoo katika hesabu ya wanasayansi, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu mwaka 1923. Yupo pia katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Jina lake la kisayansi ni Rungwecebus kipunji, yaani nusu ya jina hilo ni mlima wetu na nusu ya pili ni neno ambalo wawindaji walikuwa nalo siku zote. Neno lilitangulia, na waliolifuata neno ndio waliomkuta mnyama.

Kwa hiyo uliza. Ninapotaka jina la mmea au ndege, nawauliza watu watatu walio tofauti, kwa kawaida mchungaji wa ng'ombe, bibi mwenye kujua dawa, na mtoto wa shule, kwa sababu mara nyingi mtoto ndiye anayejua jina la mchezo au la utani ambalo wakubwa wamelisahau. Naandika jina, lugha yake na kijiji, kwa maana Kinyakyusa cha Tukuyu, Kisafwa cha Mbeya, Kiwanji cha Matamba, Kikinga cha Makete, Kibena cha Njombe na Kihehe cha Iringa havina jina moja kwa kitu kimoja. Usisahau kumsalimia mtu kwa utaratibu na kukaa kidogo kabla ya kuuliza. Kwetu mtu anayefika kwa mzee na daftari limefunguliwa tayari hupewa jibu fupi. Akikupa jina, sema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, na urudie neno mbele yake mpaka aridhike na matamshi yako. Jina la Kiswahili lisipopatikana, usilibuni. Andika jina la kwenu kisha ueleze umbo la kitu chenyewe, na msomaji wa Tanga ataelewa.

Katika Mwanzo 2, Mungu anawaleta wanyama kwa Adamu "ili aone atawaitaje", na kila jina alilolitoa likawa ndilo jina lake. Nimekaa na mstari huo muda mrefu. Kabla ya anguko, kabla ya mwanamke kuumbwa, kazi ya kwanza ya mdomo wa mwanadamu inayosimuliwa ni kutazama kiumbe kimoja kimoja kinapopita na kukipa neno.

Maneno ya hapa

Lipo jambo la lugha ambalo wahariri wengi hawaligusi. Vitabu vingi vya Kiswahili vinazungumzia vuli na masika, kwa sababu pwani na kaskazini zina misimu miwili ya mvua. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, unaoanza karibu na Novemba na kwenda hadi Mei, na uliobaki ni kiangazi chenye baridi ya Juni na Julai katikati yake. Nikisoma tafakari ya mtu wa Mbeya inayosema "mvua za vuli zilipokoma, masika yakaja", najua ameandika kutoka kitabuni. Sema kifuku na kiangazi, au taja mwezi. Na anayeandika kutoka Iringa mjini, ambako ardhi ni kavu na miamba iko wazi, asiazime mvua za Tukuyu.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya maji yanayotoka angani, nasi tunaoishi mawinguni tunapaswa kuyatumia kuliko watu wote: manyunyu, rasharasha, ukungu, umande, mvua ya mawe. Limo na neno sakitu, ambalo ni umande ulioganda. Katika Kutoka 16 mana inafananishwa na sakitu juu ya nchi, na nadhani wasomaji wengi wa Kiswahili hulipita neno hilo bila kuona chochote akilini, kwa kuwa hawajapata kuamka wakakuta majani meupe. Lakini mtu wa Makete anaiona sakitu. Kitulo, ambako uwanda uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, asubuhi ya Julai nyasi zinakuwa nyeupe na zinakatika chini ya kiatu, na jua likipanda kidogo weupe wote hutoweka bila kuacha kitu. Kwa Waisraeli ulitoweka umande, na mana ikabaki chini. Mtu wa Makete anaweza kuieleza sura hiyo kwa namna ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi, na ni hasara kwetu sote asipoieleza.

Mimea nayo ina vitenzi vyake, na kila kimoja kina saa yake: kuchipua, kumea, kuchanua, kusinyaa, kunyauka, kupukutika. Chagua kile kimoja kilichotokea siku ile mbele ya macho yako. Ukishakipata hutahitaji "mandhari nzuri ya kuvutia", maneno ambayo nimeyakata katika kazi za wanafunzi wangu mara nyingi kuliko mengine yote.

Kufungua Biblia

Fungua Biblia baada ya kutazama. Najua wengi wetu tumezoea kuanza na andiko la siku. Wamoravian wamekuwa wakichapisha kitabu cha neno la kila siku tangu mwaka 1731, na misheni yao ilipofika Rungwe mwaka 1891 desturi hiyo ilikuja nayo. Mimi mwenyewe siku yangu haianzi bila neno hilo. Lakini neno la siku ni la kukubeba wewe mchana kutwa. Si haki kulitafutia ua la kulithibitisha kabla ya saa sita.

Tumia tafsiri zaidi ya moja. Mimi huweka mezani Biblia ya Union ya mwaka 1952, ile ya Habari Njema, na ya lugha ya nyumbani, ambamo Mungu anaitwa Kyala, kama vile Wahehe na Wabena wanavyomwita Nguluvi. Ukiwa na itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mahali yanapopatikana, tafuta kila mahali kiumbe chako kinapotajwa, kisha usome sura nzima.

Chukua Mathayo 6. Union inasema, "Fikirini maua ya mashamba, jinsi yameavyo." Neno la Kigiriki lililo nyuma ya "fikirini" lina nguvu ya kujifunza jambo kwa makini hata ukalielewa, kama mwanafunzi anavyolishika somo. Na linalofikiriwa si uzuri wa maua, bali jinsi yameavyo. Kumea ni kazi inayoanzia chini ya udongo, na hilo sikulielewa mpaka siku niliyoaibika.

Ua la Matamba

Mwaka mmoja, mwezi wa Februari, nilikwenda Kitulo kwa mara ya kwanza. Tulipanda kutoka Chimala kwa ile barabara yenye kona hamsini na saba hadi Matamba, na kutoka hapo tukaingia hifadhini. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina aina 350 hivi za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Niliona kwa mbali uwanda mzima umechanua, wa njano, mweupe, zambarau na rangi ya chungwa, nikarudi na kuandika tafakari ndefu juu ya Mungu anayevisha maua. Niliisoma katika jumuiya moja ya Matamba tulikopokelewa kulala, nami nilidhani ni kazi yangu bora.

Nilipomaliza, bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ni ua gani hilo?"

Nikasema, "Maua yote, bibi. Yale ya uwandani."

"Maana sisi tulikuwa tunayachimba," akasema. "Chikanda. Wanangu wawili wamesoma kwa hayo maua."

Sikuwa na jibu. Baada ya watu kutawanyika nikamfuata jikoni kwake, akaniketisha kigodani na kunieleza. Okidi hizo huwa na viazi viwili chini ya udongo. Alichukua viazi mviringo viwili kutoka kwenye ungo, kimoja kilichonyauka na kimoja kigumu, akaviweka pamoja juu ya kiganja chake. Kile kilicholegea na kukunjamana, alisema, ndicho kilicholilisha ua unaloliona mwaka huu, kimekwisha kazi yake. Kile kigumu kisicho na mikunjo ni cha mwakani. Mchimbaji anakitaka kile kigumu. Hukusanywa magunia kwa magunia, hupitishwa Tunduma kwenda Zambia, na huko hupondwa pamoja na karanga na kupikwa kuwa chakula kinachoitwa kwa jina hilo hilo, chikanda. "Ukilichukua la mwakani," akasema, akikirudisha kiazi kigumu kwenye ungo, "la mwaka huu linaendelea kuchanua kama kawaida. Mpita njia haoni kitu."

Niliipasua ile tafakari usiku huo huo. Katika ile niliyoiandika baadaye hakuna uwanda wa rangi nne. Kuna kiganja cha bibi, viazi viwili, na ada ya shule ya watoto wawili, pamoja na maneno ya Bwana kwamba majani ya kondeni yapo leo na kesho hutupwa kalibuni. Nimejaribu kuandika bila kumhukumu yeye, kwa sababu alichimba ili watoto wasome, na bila kulisahau ua, kwa sababu hifadhi ilihitajika na bado inahitajika. Yote mawili ni kweli, na ukurasa mmoja unaweza kuyabeba kama mwandishi hana haraka.

Natoa kisa hiki kwa urefu kwa sababu kina kanuni mbili za kazi. Ya kwanza ni kwamba uulize kila kiumbe unachotaka kukiandika kinamfaa nani, nani anakitumia, nani anakiogopa na nani anakiuza. Ya pili ni kwamba usichume wala kuchimba ili upate cha kuandika. Ndani ya hifadhi ni kosa kisheria, na nje ya hifadhi mmea wenye viazi viwili hautarudi kwa sababu wewe ulitaka kuutazama mezani. Chora. Mchoro mbaya wa mkono wako una faida kuliko ua lililokaushwa kitabuni, kwa kuwa kuchora kunakulazimisha kuhesabu majani ya ua.

Kuandika ukurasa wenyewe

Acha siku mbili au tatu zipite kati ya daftari na ukurasa. Kisha kaa na daftari, uchague jambo moja tu. Katika dakika zako ishirini utakuwa umeona mambo kumi, na tisa lazima yabaki daftarini.

Anza na kitu chenyewe kikiwa katika tendo, mahali na saa. Usianze na swali kwa msomaji, wala na maneno kama "katika ulimwengu wa leo". Eleza kile ulichokiona mpaka mtu asiyekuwepo aweze kukichora. Andiko lije pale ambapo lenyewe linasukuma mlango, na liwe fupi. Mstari mmoja uliosomwa vizuri una uzito kuliko mitano iliyopangwa. Sentensi ya imani iwe moja au mbili, iliyo wazi, unayoweza kuisema ukiwa umesimama mbele ya mtu anayekufahamu. Ukiona unaandika "hakika" na "kwa kweli" katika sentensi hiyo, kuna uwezekano kwamba huna hakika nayo bado, na ni afadhali uisubiri.

Usigeuze kila kiumbe kuwa somo. Mbayuwayu hakujenga kiota ili kutufundisha bidii, alijenga kwa ajili ya makinda yake. Mungu aweza kusema nasi kupitia kwake, naamini hivyo kwa moyo wote, lakini ndege ana maisha yake mbele za Mungu ambayo hayatuhusu, na katika hilo nimepata faraja kubwa kuliko katika mafunzo yote niliyowahi kumbandika.

Na usiandike mazuri peke yake. Mvua hiyo hiyo inayokuza chai na ndizi za Rungwe huporomosha udongo juu ya nyumba. Mvua ya mawe hupiga mahindi wiki moja kabla ya kuvunwa. Siku kama hizo daftari lifunguliwe pia, na zipo Zaburi nyingi za mtu anayemlalamikia Mungu waziwazi ambazo zitasimama karibu na ukurasa wako bila kuusahihisha.

Kusoma kwa sauti

Bwana alimwambia Habakuki aiandike njozi, aifanye iwe wazi sana katika vibao, "ili aisomaye apate kuisoma kama maji". Sijui kipimo bora zaidi cha uandishi katika lugha yetu. Soma ukurasa wako kwa sauti peke yako, na kila mahali ulimi unapokwama weka alama. Sentensi ndefu si kosa, kwa sababu maji nayo hupita mbali, lakini iwe na mteremko. Kisha msomee mtu mmoja, jikoni au shambani, kabla hujaisoma mbele ya jumuiya. Ukiona ameangalia pembeni, pale ndipo ulipoanza kuhubiri.

Nakala ya kwanza mpelekee yule aliyekupa jina au habari. Mimi nilirudi Matamba mwaka uliofuata na ile tafakari ya viazi viwili, na kwa kuwa bibi haoni vizuri, nilimsomea mwenyewe tukiwa tumekaa kwenye kigoda na mkeka pale pale jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akaniambia kwamba nimesahau baridi: walikuwa wakichimba kwa mikono alfajiri, udongo ukiwa na maji, na vidole vilikufa ganzi kiasi kwamba kiazi kilichonyauka na kile kigumu havikuweza kutofautishwa kwa kugusa, ikabidi wavitazame juani. Nikatoa penseli na kuuandika mstari huo ukingoni.